Damaris na Mwaka Ambao Haujafika

Kibarani, pembeni mwa mji wa Kilifi, watu walikuwa na msemo wao: ukitaka kuzikwa kwa heshima, pitia kwanza kwa Damaris. Haukuwa utani mtupu. Katika chumba chake kimoja cha uchapaji, kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi wa majeneza, vilitoka vijitabu vya mazishi vya nusu ya mji ule na vya vijiji vingi vya bara, Ganze hata Kaloleni. Picha ya marehemu mbele, wasifu wake ndani, nyimbo nyuma, na katikati jedwali la ukoo: nani alizaliwa lini, nani amebaki.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu wa maneno, asiyependa soga mbele ya mtu aliyefiwa. Kazi aliisomea Mombasa siku za taipureta, kwa mwalimu ambaye ukikosea herufi moja huichomoa karatasi na kuichana darasa zima likitazama. Adhabu ile ilimwingia damuni. Hata alipohamia kwenye kompyuta, kosa la herufi moja aliliona kama doa kwenye shuka jeupe. Wateja wakimwomba wapitie kazi tena kabla ya kuchapa, huwajibu, "Majina yapitieni, ni yenu. Tarehe niachieni mimi. Mashine yangu haikosei."

Neno hilo alilisema miaka mingi. Na mtu akishasadiki kwamba kitu chake hakikosei, ameshafumba jicho moja, na atajikwaa upande huo huo.

Hapana budi kueleza namna alivyofanya kazi, maana balaa lilizaliwa humo. Waliofiwa huja na haraka, na miaka huitaja kama inavyotajwa midomoni: "Alizaliwa arubaini na tatu." "Huyu tulimpata sitini na nane." Hakuna anayeanza na elfu moja mia tisa. Basi mwaka mmoja kabla ya balaa hilo Damaris alijitengenezea jedwali moja, akalipanga hivi: akigonga tarakimu mbili za mwaka, na siku na mwezi ikiwa vinajulikana, akiruka tu kwenda kisanduku cha pili, programu ya kuandikia inaujaza mwaka wenyewe. Anagonga 43, inatoka 1943. Anagonga 68, inatoka 1968. Mjukuu wa 07 anatoka 2007. Hakuwahi kujiuliza mashine inajuaje kwamba huyu ni wa karne ile na huyu ni wa karne hii. Ilijua, basi. Kazi ilikwenda mbio, karatasi zikatoka safi, na watu wakamshukuru.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2024, akaingia Nelly, msichana wa kutoka upande wa Vitengeni, leso imefungwa kiunoni kama wanavyofunga wenye msiba. Babu yake, mzee Mwaringa, amefariki. Mazishi ni Jumamosi.

"Pole sana, mwanangu," Damaris alisema. "Alizaliwa lini?"

"Ngoja nimuulize Hawe."

Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Huyu alikuwa Kadii, dada mkubwa wa marehemu, ambaye kila kuzaliwa kwa mtoto katika boma lile alikuwa amekuhifadhi kichwani. Sauti yake ikatoka kwenye simu, nyembamba lakini imara.

"Mwaringa ni wa mwaka ishirini na tisa, mwezi wa nne. Kwenye kadi za ubatizo za Kaloleni ndivyo alivyoandika mchungaji. Mimi ni ishirini na saba, mwezi wa sita. Na huyu mtoto Ngowa ni thelathini na mbili."

"Hawe! Mtoto wa miaka tisini na mbili?" Nelly alicheka na machozi yakimtoka.

"Kwangu ni mtoto. Nilimbeba mgongoni huyo, akinikojolea."

Damaris aligonga tarehe kama zilivyotajwa. Macho yake yalikuwa kwenye majina: Kadii ana i mbili, Mwaringa hana h. Nelly naye alikuwa akiitazama picha ya babu yake, akisema ipunguzwe mwanga kidogo. Miaka haikutazamwa na mtu. Vijitabu vikachapwa, vikakunjwa, vikatiwa kwenye mfuko, na msichana akaondoka navyo.

Jumatatu yake Nelly alirudi. Hakusalimu. Alikiweka kijitabu juu ya kibodi, kimekunjwa kikakunjika kama kitu kilichokanyagwa.

"Umetufanyia nini, mama?"

Damaris alikifungua. Juu, chini ya picha, iliandikwa: Kuzaliwa, Aprili 2029. Kufariki, Agosti 2024. Akafunua katikati, kwenye jedwali la ndugu walio hai. Ngowa, 1932. Kadii, Juni 2027.

"Nani ameona?" aliuliza, na papo hapo akajua ni swali la kijinga.

"Nani hajaona? Wasifu alipewa asome ba'mdogo Karisa. Akasimama pale kaburini akasoma kama ilivyo: Mzee wetu alizaliwa mwaka elfu mbili ishirini na tisa. Watu wakacheka kwanza. Kisha akafunua ndani, akaona mwaka wa Hawe. Akauliza mbele ya umati, ni nani aliyezitaja tarehe hizi? Nami, mjinga, nikajibu haraka ni Hawe."

Karisa alikuwa mwana wa Dena, kaka mkubwa wa Kadii aliyekufa zamani. Mtu wa hamsini na kitu, msomi kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha. Mwaka uliopita alimzika binti yake, na tangu siku hiyo alikuwa na neno moja mdomoni: wazee wa boma hili hawafi, wanakula umri wa watoto wetu. Tena Kadii alikuwa akilima kipande cha mikorosho ambacho Karisa alikitaka, na kila akikigusia bibi humjibu, "Nitakapokufa utakichukua. Ardhi haina miguu."

"Sasa wanasemaje?" Damaris aliuliza.

"Wanasema hiyo si miaka ya kuzaliwa. Ni miadi. Ati ametaja mwaka atakaochukua mtu, na mwingine baada yake, akaupitisha kwenye msiba wa ndugu yake ili uandikwe. Jana wamemtupia mawe juu ya bati. Kesho alasiri kuna kikao cha ukoo. Karisa anataka apelekwe kwa mganga akale kiapo. Hawe amesema haendi, yeye ni Mkristo. Na akikataa, vijana wameshasema."

"Wamesema nini?"

Nelly aligeuza uso. Alitazama ukuta. Bara ile yote mtu akiwa na mvi, na jina lake likishatajwa hadharani, sentensi haihitaji kumaliziwa. Kuna wazee waliohama nyumba zao wakaenda kufia ugenini kwa sababu ya sentensi kama hiyo, na kuna ambao hawakuwahi kuhama.

Damaris aliisogeza laptopu. Akafungua jedwali tupu. Akagonga 29, ikatoka 2029. Akagonga 28, ikatoka 2028. Akagonga 30.

1930.

Akagonga 31, ikatoka 1931. Hapo ndipo mashine ilipokata. Kuanzia thelathini kwenda juu, inahesabu karne iliyopita. Ishirini na tisa kushuka chini, inahesabu hii tuliyo nayo. Watu waliotengeneza programu ilibidi wakate mahali, kwa kuwa tarakimu mbili haziwezi kujieleza zenyewe. Wakakata hapo, na kwenye mipangilio wakaacha mahali pa kubadilisha, kwa mwenye kujali kutafuta. Muda wote huo Damaris hakutafuta. Wafu wote wa jedwali hilo walikuwa wamezaliwa upande wa huku wa mpaka ule. Mzee Mwaringa alikuwa wa kwanza kuja kutoka upande wa pili.

"Ni mimi," alisema. "Si bibi yako. Ni mimi na hii."

"Basi njoo useme."

"Nitawachapia vingine. Vyote, upya, na maelezo juu kwamba ni kosa la uchapaji. Uvigawe kabla ya kikao."

Nelly alikigonga kijitabu kwa kidole. "Karatasi ndiyo iliyomponza, mama. Utamtibu kwa karatasi?"

Alasiri ile, mume wa Damaris, Nahashon, fundi wa mawe aliyeshuka kutoka Nyeri ujanani akaota mizizi Kilifi, alimkuta ameketi jikoni, moto haujawashwa.

"Mama Marvin, usiende huko," alisema alipokwisha sikia yote. "Watu wenye hasira hawaulizi nani kakosea. Huuliza nani yuko karibu."

"Aliye karibu ni yule bibi."

"Wewe humjui hata sura."

"Jina lake nilililinda lisikosewe herufi. Mwaka wake nikautupa. Ningekuwa simjui kabisa, ningekuwa na udhuru."

"Na ukisema hadharani kwamba wewe ndiwe uliyekosea, nani atakuletea kazi tena? Mji huu unapenda kucheka."

Alikuwa amegusa penyewe. Damaris hakuogopa mapanga peke yake. Aliogopa kusimama mbele ya watu na kusema, mashine yangu imekosea na mimi sikutazama. Ile karatasi ya Mombasa iliyochanwa mbele ya darasa ilikuwa bado inachanika masikioni mwake. Wako watu wengi wema ambao wangetoa shamba kumwokoa jirani, lakini hawatatoa sifa yao. Sifa ndiyo hubaki mkononi mwisho, imeshikwa kwa vidole vyote.

"Nitacheka nao," alisema mwishowe, na hakuwa akicheka.

Nahashon akatikisa kichwa. "Basi nitakupeleka kwa pikipiki. Lakini tukifika, injini siizimi."

Kesho yake kikao kilikuwa chini ya banda la makuti lililojengwa kwa ajili ya matanga na halijabomolewa. Udongo wa kaburi la mzee Mwaringa ulikuwa bado mwekundu pale karibu. Mzee Ngowa, mdogo wao, aliketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo kati ya magoti. Naibu wa chifu alikuwa amearifiwa. Hajafika, na kadiri jua lilivyoteremka ndivyo ilivyoonekana kwamba hatafika. Nyuma walisimama vijana. Wengine walikuwa wamekuja na mapanga, na hapakuwa na kichaka cha kufyeka.

Kadii alikuwa kwenye kigoda, peke yake katikati. Nelly alikuwa amemletea piko apake nywele ziwe nyeusi, kama wafanyavyo wazee wengi siku hizi kwa hofu. Bibi alikuwa amelirudisha kopo. "Mvi hizi nimezipata kwa halali," alisema. "Sizifichi kama mali ya wizi." Kichwa chake kilikuwa wazi, cheupe kama pamba.

Damaris aliamkia wazee, shikamoo kwa mmoja mmoja, akaomba ruhusa ya kusema. Hakuzunguka. Alisema kijitabu kilichapwa na yeye, tarehe alizotajiwa na bibi zilikuwa sahihi, na miaka ile miwili iliwekwa na mashine naye hakuitazama.

Karisa alipiga makofi polepole. "Haya! Mwanamke wa mjini kaja na laptopu kutufundisha kuhesabu. Dada, mashine hiyo haijui kwamba mtu huzaliwa kabla ya kufa?"

Vijana wakacheka.

"Haijui," alisema Damaris. "Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

"Na mbona mzee Ngowa haikumkosea? Hebu nieleze. Watu watatu, tarehe tatu, kinywa kimoja kilichotaja. Mmoja anatoka sawa, wawili wanatoka mwaka ambao haujafika. Mashine inachagua?"

Mnong'ono ukapita bandani kama upepo kwenye mahindi. Swali lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Damaris alifungua laptopu juu ya mapaja. Mwanga wa alasiri ukakifuta kioo cha mashine chote. Hapakuonekana kitu ila anga. Na pembeni alama ya betri ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu, maana betri ile ilikuwa kuukuu, haikupenda kwenda mbali na ukuta.

Akavua leso yake ya begani, akaitupa juu ya kichwa chake na ya mashine. "Mzee," aliita kutoka ndani, "njoo uone kwa macho yako. Nje haionekani."

Mzee Ngowa aliinama, fimbo mkononi, akaingiza kichwa. Watu waliona leso yenye vichwa viwili ikitikisika.

"Ishirini na saba," ilisikika sauti ya Damaris. "Tazama. Sasa ishirini na tisa. Umeona? Sasa wewe, thelathini na mbili."

"Mbona mimi imenipata?"

"Kwa sababu imekata kwenye thelathini, mzee. Thelathini kwenda juu inasema karne ile. Chini ya hapo inasema karne hii. Haijui nani bibi nani babu. Inajua mpaka wake tu."

Ngowa alitoka, akafuta jicho. "Ni kweli," alisema. "Iko hivyo."

"Basi hiyo mashine nayo ina uchawi!" alipaza kijana mmoja.

"Haina hata akili za kuku," alijibu Damaris. "Kuku angalau huona giza likiingia."

Mmoja akacheka, mwingine akaja kuinama chini ya leso, kisha mwingine. Walikuwa wakitoka wakitazamana. Lakini Karisa hakusogea, na wale waliokuwa na mapanga walikuwa wakimtazama yeye, si mashine. Betri ilikuwa ikiteremka. Damaris alijua kwamba ikizimika kabla Karisa hajatazama, kesho atasema ilikuwa sinema ya wanawake.

"Kaka Karisa, njoo."

"Kichwa changu hakiingii kwenye leso ya mke wa mtu."

"Basi nitajie tu. Baba yako, mzee Dena, Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka gani?"

Alisita. Lakini kila mtu alijua jinsi alivyojivunia baba yake, mtu aliyeheshimiwa hata Kaloleni. "Ishirini na tano," alisema kwa sauti. "Alikuwa mkubwa wa hawa wote. Na alikufa kwa wakati wake, hakukaa kula wa wenzake."

"Ishirini na tano. Njoo umgonge mwenyewe. Mimi siigusi."

"Sina haja."

"Gonga, Karisa!" mwanamke mmoja wa upande wa jikoni alipiga kelele. "Au inauma?"

"Gonga, bwana! Panga huogopi, unaogopa kibodi?"

Kicheko hicho kilimsukuma kuliko amri. Alikuja, akainama, leso ikamfunika. Damaris alishika kingo za mashine kwa mikono miwili. Aliona kidole kinene kikitafuta mbili, kikitafuta tano, kisha akamwonyesha pa kugonga ili kisanduku kifungwe.

2025.

Karisa hakutoka. Alibaki ameinama, kana kwamba akingoja tarakimu zirudi zilikotoka.

"Soma," alisema mzee Ngowa kutoka nje.

Mzee aligonga fimbo chini.

"Karisa. Pale kaburini ulisoma kwa sauti. Soma."

Aliitoa leso kichwani. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Kijana aliyekuwa nyuma yake alichungulia juu ya bega lake, akasoma badala yake: "Elfu mbili ishirini na tano." Kisha, polepole, "Ni mwakani."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ngowa alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Basi Dena naye alikuwa mutsai," alisema. "Kaka yangu naye alikuwa mchawi, na mwakani anarudi kuchukua mtu. Sema wewe, mwanawe. Sema hapa, mbele ya kaburi la Mwaringa: baba yako alikuwa mchawi?"

Midomo ya Karisa ilicheza. Kulikuwa na watu zaidi ya ukoo mmoja pale, na kila mmoja alikuwa akingoja.

"Baba yangu hakuwa mchawi."

"Sijasikia vizuri. Masikio yangu ni ya thelathini na mbili."

"Baba yangu hakuwa mchawi!"

"Basi na dada yake si mchawi. Kikao kimekwisha."

Mashine ikazimika hapo hapo, peke yake, kama mtu aliyekata roho baada ya kutoa ushahidi. Lakini hasira haizimiki kwa kitufe. Kijana mmoja alilipiga panga lake bapa kwenye nguzo ya banda. "Kwa hiyo wa kulaumiwa ni huyu! Ametutukanisha mbele ya watu, amemfanya mzee wetu kichekesho!" Wengine wakamzunguka Damaris. Kwa mbali, nje ya boma, ilisikika pikipiki ikivutwa mafuta, Nahashon akijitayarisha.

Damaris angeweza kukimbia. Alikuwa amekwisha fanya alilolijia. Badala yake aliiweka laptopu chini mchangani, akaenda mpaka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya yule bibi ambaye hakuwa amesema neno tangu kikao kuanza.

"Ni kweli, wa kulaumiwa ni mimi," alisema, na alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Watu hunisifu kwamba sikosei. Nimekosea, na kosa langu limekuja kubisha mlangoni kwako."

Kadii alimtazama kwa macho yaliyofifia. "Jina langu limeandikwa vizuri," alisema. "Na i zote mbili."

"Ndiyo, bibi."

"Jina ulilitazama. Mwaka hukuutazama."

"Sikuutazama."

"Ungetazama."

Hakuongeza. Alinyoosha mkono Nelly amwinue, akaenda zake nyumbani, na vijana wakampisha njia.

Wako watakaosema kwamba kosa la tarakimu mbili haliui mtu. Kinachoua ni moyo uliokwisha kuwa ukitafuta fimbo. Ni kweli. Karisa alikuwa akiitafuta fimbo hiyo tangu kabla ya kompyuta kuwashwa. Lakini aliyeiangusha fimbo njiani asiseme hahusiki kwa kuwa hakupiga yeye. Damaris hakulisema hilo hata siku moja.

Mji ulicheka, kama Nahashon alivyotabiri. Kwa wiki kadhaa kinyozi wa jirani alimwita Bibi Karne. Kazi ikapungua, kisha ikarudi, kwa maana watu hawakuacha kufa. Kwenye mipangilio Damaris alipapata pale pa kusogeza mpaka, akaweza kuusogeza nyuma ili wazee wote waingie. Hakuridhika. Mpaka ukiusogeza kwa ajili ya mzee, unamgeuza mtoto aliyezaliwa juzi kuwa mzee. Akalivunja jedwali lake lote. Tangu hapo aligonga mwaka kwa tarakimu zake nne, na aliyefiwa hakuondoka mpaka amesoma kila mwaka kwa sauti, kidole juu ya karatasi.

"Siku hizi umekuwa kobe, mama," walilalamika.

"Kobe hufika," alijibu, wala hakusema tena juu ya mashine yake.

Mwezi wa Oktoba, asubuhi moja, Nelly aliingia amemshika mkono Kadii. Bibi alikuwa ameshuka mpaka Kilifi kwa ajili ya macho yake, lakini akasema lazima apite hapa kwanza. Damaris alisimama, akamwamkia, akampa kiti chake mwenyewe.

"Hawajambo huko, bibi?"

"Wako. Karisa hupita karibu na mikorosho kila jioni. Hasemi kitu. Hupita tu." Alikaa akipumua. "Kikao kiliisha. Watu hawakuisha."

"Nikusaidie nini?"

"Niandikie jina langu na mwaka wangu. Herufi kubwa, za kusomeka kwa mbali. Nitabandika mlangoni, ili mtu akija asome kabla ya kubisha hodi."

Damaris alitaka kusema kwamba mtu wa kuja na panga hasomi. Alimtazama bibi, akaona kwamba anajua. Akakaa. Akaandika jina, i mbili. Kisha akagonga moja, akatazama. Tisa, akatazama. Mbili. Saba. Akaichapa, akamwekea mapajani.

Kadii aliusogeza uso mpaka karibu na karatasi, akaweka kidole chini ya kila tarakimu, kama alivyofundishwa utotoni kwenye shule ya misheni.

"Moja. Tisa. Mbili. Saba." Akaikunja mara moja, kwa uangalifu. "Ni mimi huyu."

"Bibi, nimekukosea. Sijui kama umenisamehe."

"Bado," alisema Kadii. "Nikisamehe nitakuambia." Kisha akaigusa printa kwa ncha ya fimbo. "Chapa nyingine. Nyumba yangu ina milango miwili."